Hadubini ya mara 2000 ni ya kuona nini?

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa barua wa Jumamosi iliyopita, mzazi mmoja aliomba ushauri. Binti yake ameingia kidato cha kwanza, anaipenda baiolojia, na dukani baba huyo ameonyeshwa hadubini mbili: moja imeandikwa 1200x, nyingine 2000x, ya pili ikizidi bei kidogo. Anauliza achukue ipi. Uliwaomba wasomaji wenye uzoefu wamjibu, nami nimejiona nahusika. Nimefanya kazi maabara ya hospitali tangu ujana hadi kustaafu, nikitafuta vijidudu vya malaria kwenye damu za watu wa Muheza na vijiji vyake, na sasa nikiwa nyumbani walimu huniletea hadubini zilizokwama nizifungue.

Jibu langu ni kwamba asichukue hata moja kati ya hizo. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu swali hilo si lake peke yake. Hapa jirani kuna bodi ya shule ya kata inayochangisha fedha za hadubini, na kwenye karatasi yao ya kuomba bei kwa wauzaji wameweka sharti moja tu: "isiyopungua mara 2000".

Tuanze na hospitali, maana huko ndiko watu wanakodhani hadubini kubwa ziko. Kazi inayodai ukuzaji mkubwa kuliko zote kwetu ni malaria. Damu inapakwa kwenye slaidi, kile kipande chembamba cha kioo, inatiwa rangi ya Giemsa, inakaushwa, inawekwa tone la mafuta, na lenzi inashushwa mpaka iguse mafuta hayo. Hapo tunatazama kwa mara 1000. Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu, yakishatiwa rangi ya Ziehl-Neelsen, nayo ni mara 1000. Juu ya hapo hakuna. Tena kazi nyingi ziko chini sana. Mayai ya kichocho cha mkojo, ambayo urefu wake ni karibu milimita 0.15, tunayatafuta kwa mara 100 tu, na mwiba wake wa mwishoni unaonekana wazi kabisa. Mayai ya safura ni mara 100, ukiwa na shaka unapanda hadi 400. Kama daktari anaandika dawa kwa majibu ya mara 100, binti wa kidato cha kwanza mwenye ganda la kitunguu atazitumia mara 2000 kuona nini?

Wala si suala la kuwa na tamaa ndogo. Mwanga wenyewe una kikomo. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na wimbi moja lina urefu wa karibu nusu maikroni (maikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu). Ernst Abbe, mwanafizikia aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, alionyesha mwaka 1873 kwamba kwa sababu hiyo lenzi haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kupita kiasi fulani. Kwa lenzi bora kabisa ya mafuta, kikomo hicho ni takriban maikroni 0.2. Nukta zikisogeleana zaidi ya hapo utaziona ni moja, hata ukuze vipi.

Na habari hii haijafichwa, imechorwa ubavuni mwa lenzi. Ukiitazama lenzi ya chini, ile inayokaribia slaidi, ya hadubini ya kweli utakuta namba 40, na karibu yake 0.65. Wanunuzi wote husoma ile 40. Mimi husoma ile 0.65, kwa sababu ndiyo inayoeleza lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na hivyo itaona mambo madogo kiasi gani. Izidishe kwa 1000 upate mwisho wa ukuzaji wenye faida: lenzi ya 0.65 inaishia 650, na ile ya mafuta yenye 1.25 inaishia 1250. Hizo 2000 zinapatikanaje, basi? Mtengenezaji anachukua lenzi ya mafuta ya 100, anaiwekea lenzi ya jicho ya 20 badala ya 10, anazidisha, anaandika kwenye boksi. Ni sawa na kuongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, chai ni ileile. Unachokiona ni ukungu uleule, umekuwa mpana.

Ile ya 1200x aliyoonyeshwa mzazi naijua bila kuiona. Inakuja kwenye boksi la rangi lenye picha ya mtoto anacheka, mwili wa plastiki, taa ndogo chini, na vikopo vya rangi na mkasi. Lenzi zake ndogo kuliko punje ya mtama, hazina namba ya pili. Ukuzaji wa chini unaona kitu, wa kati unaona kivuli, wa juu unaona giza. Mtoto anaitumia wiki ya kwanza, halafu anaamua kwamba sayansi haionekani. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma kuliko fedha.

Anachohitaji binti huyo ni hadubini ya chuma yenye lenzi tatu za chini, za 4, 10 na 40, na lenzi ya jicho ya 10. Hapo ana mara 40, 100 na 400, basi. Seli za ganda la kitunguu zina urefu wa robo milimita au zaidi kidogo. Kwa mara 40 zinajipanga zote mbele yako, na ukidondoshea tincha ya ayodini ya duka la dawa, kwa mara 100 kiini kinajitokeza cha njano iliyokolea. Seli za ndani ya shavu ni kama maikroni 60, unazikwangua taratibu kwa kijiti cha meno. Rangi yake si lazima iagizwe Dar es Salaam: ile GV ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni inafaa, ukiizimua sana kwa maji. Kwangua muhogo mbichi, weka tone la ayodini, utaona chembe za wanga zikigeuka buluu nyeusi mbele ya macho yako. Mjukuu wangu aliye kidato cha pili alikoroga hamira ya maandazi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, akasubiri kidogo, akaweka tone chini ya lenzi ya 40. "Babu, njoo, zinazaa!" Na kweli zilikuwa zinazaa, kila chembe imebeba kitoto ubavuni. Chembe ya hamira haifiki maikroni kumi. Kwa hiyo mtu asiseme mara 400 ni kidogo.

Niseme hapohapo kuhusu damu, maana najua kuna walimu wanaowachoma wanafunzi vidole ili waone chembe nyekundu. Waache. Homa ya ini na VVU havina haja ya kukaribishwa darasani kwa sindano iliyopita mikono mingi. Slaidi za damu zilizokwisha andaliwa na kukaushwa zinauzwa. Vijiti vya meno vya kukwangulia shavu navyo kila mtoto awe na chake, kikitumika kiingie kwenye kopo la dawa ya kufulia yenye klorini. Maji ya mto au bwawa lenye konokono yasichotwe na watoto kwa kuingia miguu mitupu, wanaoishi penye kichocho wananielewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya bodi kabisa, nalo ni mwanga. Lenzi nzuri bila mwanga mzuri haikusaidii. Chini ya jukwaa la slaidi panatakiwa pawe na kondensa, yaani lenzi inayokusanya mwanga na kuupeleka kwenye kitu unachokitazama, na pawe na diaframu, yaani tundu la mwanga unalolipanua na kulibana kwa kidole. Robert Koch, aliyetangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 na baadaye akaja Dar es Salaam kuchunguza malaria, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutumia kondensa ya Abbe pamoja na lenzi ya mafuta. Hakuongeza namba tu, alirekebisha mwanga. Mwanafunzi naye, seli za shavu zisipoonekana, mara tisa kati ya kumi hahitaji kukuza zaidi. Anahitaji kufunga diaframu kidogo ili kingo zijitokeze. Hadubini nyingi za bei ndogo badala ya diaframu hiyo zina kisahani chenye matundu kinachozungushwa. Kwa mara 400 kinatosha, sitakilaumu.

Taa yenyewe je? Shule nyingi umeme ama haupo ama unakatika katikati ya kipindi. Kuna hadubini zinazotumia kioo, na wauzaji wa siku hizi huzidharau. Mimi sizidharau. Kioo hakiungui, hakina waya, na anga ya Muheza saa nne asubuhi ni nyeupe kuliko taa yoyote. Ila kielekezwe angani au kwenye ukuta mweupe, kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe. Mwanga wa jua ukipanda moja kwa moja hadi kwenye jicho, unaweza kuliunguza lisipone. Kama mwalimu hawezi kuwasimamia watoto kwa hilo, basi anunue zenye taa ya LED na betri za kuchaji, lakini aulize kwanza betri ni za aina gani. Zikiwa ni zile za kawaida za AA, utazipata hata kwenye genge. Zikiwa za umbo la pekee la kiwandani, siku zikifa hadubini nayo imekufa. Na zile za balbu za halojeni zina mwanga mzuri sana, nilizeeka nazo, lakini tafuta kwanza duka linalouza balbu yake Tanga ndipo ununue.

Lenzi ya mafuta, ile ya 100, kwa shule ya kidato cha kwanza hadi cha nne ningeiondoa kabisa. Inafanya kazi ikiwa mbali na slaidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Wanafunzi wataivunjia slaidi, au watasahau kufuta mafuta, mafuta yatahamia kwenye lenzi ya 40, na mwezi ujao mwalimu ataniletea akisema hadubini imepofuka. Nyingi ninazofungua zina ugonjwa huo. Kama imekuja nayo, mwalimu aifungue, aizibe tundu lake kwa kifuniko, aiweke kabatini mpaka shule ipate wa kidato cha tano na sita.

Jambo la wadogo zaidi. Mtoto wa shule ya msingi hadubini ya aina hii si yake bado. Inampa picha iliyopinduliwa, inataka kitu kikatwe chembamba mpaka mwanga upite, na vidole vyake havijawa na subira. Huyo mpe lenzi ya mkono ya mara 10, au kama uwezo upo, hadubini ya stirio ya mara 20, ile ya macho mawili inayotazama kitu kizima kwa juu. Kwetu huku kwenye machungwa, mwambie achume jani lenye madoa meupe chini yake alitazame. Madoa hayo ni wadudu, wana miguu, na baadhi yao wana watoto. Mwambie achote viluwiluwi vya mbu kwenye pipa: wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji, na yule kuleksi wa chooni hujining'iniza kichwa chini kwa bomba lake la kupumulia. Darasa la nne analiona hilo kwa lenzi ya mkono na hatalisahau. Ipo pia hadubini ya karatasi ya kukunja, Foldscope, waliyoieleza Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2014. Ina lenzi moja ndogo ya duara na inakuza kama mara 140. Asiyeiamini karatasi akumbuke kwamba Leeuwenhoek, Mholanzi wa mji wa Delft, aliviona viumbe hai ndani ya tone la maji ya ziwa mwaka 1674 kwa lenzi moja tu aliyoisugua mwenyewe.

Zile kalamu za kuchomeka kwenye kompyuta zinazoandikwa 1000x nizipite haraka: kwa jani au kitambaa zinafaa, kwa seli hazifai, na hiyo 1000 inategemea kioo cha kompyuta yako kina upana gani. Hadubini yenye kamera nayo, kwa shule, sioni haja. Simu ya mwalimu ikishikwa vizuri juu ya lenzi ya jicho inapiga picha ya kutosha kuonyesha darasa zima. Fedha ya hiyo moja yenye kamera inunue kadhaa za kawaida. Darasani kuna watoto sitini na zaidi. Wakipanga foleni kwenye hadubini moja, kengele inagonga wa ishirini hajafika.

Bodi zetu zinapenda kitu kimoja kikubwa cha kuzinduliwa na mgeni rasmi. Tulichangishana kujenga maabara za shule za kata, mwaka 2014 kila mtu anaukumbuka, vyumba vitatu kila shule. Leo ukiingia kwenye baadhi ya vyumba hivyo unaambiwa hadubini ipo, lakini imefungiwa ofisini kwa mkuu ili isiharibike. Inaharibika hukohuko. Ukanda huu una unyevu, na kuvu huota juu ya lenzi iliyofungiwa gizani: ukiielekeza dirishani unaona nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya kioo. Zikishaingia ndani, kusafisha ni kazi ya fundi na mara nyingine haisafishiki. Dawa yake ni kabati lenye matundu ya hewa na balbu ndogo ya zamani, ile inayotoa joto, ikiwaka ndani. Pasipo umeme, mfuko wa plastiki wenye punje za silika zilizokaushwa. Dawa kubwa zaidi ni kuitumia kila wiki. Kufuta ni kwa kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, wala si kwa pindo la shati.

Bajeti nayo isiishie kwenye hadubini. Slaidi, vile vioo vyembamba vya kufunikia, ayodini, vidondoshio, vyote viandikwe tangu mwanzo. Vifuniko hivyo si pambo: lenzi ya 40 imetengenezwa ikitarajia kioo cha unene wa milimita 0.17 juu ya kitu, na ndiyo maana ubavuni imeandikwa 160/0.17. Hiyo 160 ni urefu wa bomba kwa milimita, kipimo cha siku nyingi. Ukikiona, jua kwamba lenzi ikiharibika unaweza kupata nyingine hata ya kiwanda tofauti. Kwa sababu hiyo simkatazi mtu kununua hadubini iliyotumika ya hospitali, ya chuma, mradi lenzi zake hazina kuvu. Nyingi zitamzika mnunuzi wake.

Dukani, muuzaji akuruhusu kuijaribu. Beba slaidi yako, hata kipande cha gazeti hili chenye herufi moja. Pandisha jukwaa, liachie, ngoja kidogo uone kama linashuka lenyewe. Likishuka, skrubu zake hazishiki. Weka picha sawasawa kwa lenzi ya 10, kisha zungusha hadi ya 40: picha inatakiwa ibaki pale katikati, ikihitaji kurekebishwa kidogo tu. Ikipotea yote, lenzi hazikupangwa. Sukuma ncha ya lenzi ya 40 kwa kidole kikavu, pembeni, bila kugusa kioo: iwe na springi inayorudi nyuma, ili ikigonga slaidi isivunje. Kijana mmoja wa dukani aliniambia, "Mzee wangu, hii haifunguliwi mpaka ulipie." Nilimshukuru nikatoka.

Bodi ya jirani bado haijatoa fedha, nafahamu. Wafute hilo sharti la mara 2000 na waandike: lenzi za 4, 10 na 40, ya 40 iwe imechorwa 0.65, kondensa na diaframu, mwili wa chuma, betri za AA au kioo, na majaribio kabla ya malipo. Wakitaka mtu wa kwenda nao dukani, nyumbani kwangu wanapajua. Yule mzazi naye aende na binti yake, amwachie azungushe skrubu mwenyewe mpaka aone herufi, na yeye baba asimame pembeni na mikono mfukoni.

Wako,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga